Korongo Lililotuzuia Njiani

Vijana wa chuoni kwangu wameniuliza mara nyingi ni kitu gani kilichonitia mimi, mtu mwenye mvi, kupanda pikipiki na kukata nyika ya Handeni mpaka upande wa Kondoa. Leo nitawajibu, kwa kuwa katika safari ile mna jambo ambalo kila nyumba yenye kijana na pikipiki yafaa ilisikie.

Ilikuwa Machi 2016, katika Mfunguo Tisa wa mwaka 1437. Nilipata khabari kwamba dada yangu, aliyeolewa kijiji kimoja upande wa Mrijo, ni mgonjwa sana na anatutaka. Mvua zilikuwa zimekatisha mabasi ya huko. Mwanawe, niliyemlea mimi Tanga, na ambaye kazi yake ni kuchukua abiria kwa pikipiki, akaniambia, "Mjomba, tukingoja basi, mama hatumwoni." Baada ya sala ya alfajiri tukaondoka. Kofia yangu ya viua nikaitia mfukoni, nikavaa ile ngumu ya pikipiki, na majirani wakacheka.

Kutoka Tanga hadi Korogwe, na zile kilomita 65 za kutoka Korogwe hadi Handeni, ni lami. Siku zile lami ilikoma hapo. Mbele yake barabara ya udongo ilikwenda Kibirashi, ikaingia Kiteto hata Kibaya, kisha ikashika Mrijo na Chemba mpaka Singida, jumla ya kilomita kama 460 kutoka Handeni. Katika njia namna hii mwenda mbio hafiki mbali. Palipo mchanga, kijana alipunguza upepo wa tairi ili zisizame. Palipo mbuga, udongo mweusi ulijaa ndani ya madigadi hata gurudumu likakataa kuzunguka, tukashuka na kuuchokoa kwa kijiti, mara tatu katika mwendo wa saa moja. Petroli tuliinunua vijijini kwa chupa, na kila mara tuliichuja kwa kitambaa kabla ya kuimimina katika tangi. Kila jioni mnyororo ulisafishwa na kutiwa mafuta. Mfukoni tulikuwa na tyubu mbili, viraka, pampu ya mkono, plagi na spana. Kijana yule, ambaye mjini nilikuwa nikimwona hana subira, njiani nilimwona mwalimu, nami mwanafunzi.

Usiku wa kwanza tulilala Kibirashi. Siku ya pili adhuhuri tukafika Kibaya, tukasali kwa kupunguza na kukusanya kama ilivyo rukhsa ya msafiri, tukashika njia. Alasiri tukakuta korongo limejaa.

Msomaji asiyeijua nyika atashangaa, maana mbingu juu yetu ilikuwa safi. Makorongo ya huko huwa mchanga mtupu siku nyingi za mwaka. Mvua hunyesha mbali vilimani, na maji hushuka kwa ghafula mahali pasiponyesha hata tone. Yalikuwa mekundu, yamebeba matawi, na upana wake haukupita hatua thelathini. Ng'ambo tuliiona njia yetu ikipanda.

Kijana akasema, "Mjomba, shuka, nitavuka peke yangu na chombo, kisha nitakurudia. Nimeshavuka mengi kuliko haya." Mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa akilinda ng'ombe akatwambia, "Maji haya hayakai. Asubuhi mtapita pakavu." Nikamwambia mpwa wangu, "Hatuvuki." Akanitazama, akasema neno ambalo mpaka leo nalisikia: "Yule ni mama yangu." Nikamjibu, "Na wewe ni amana yake kwangu." Nikauchomoa ufunguo wa pikipiki, nikautia mfukoni.

Tulilala palepale. Mzee akatuletea maziwa. Kijana hakuyanywa. Simu zetu hazikushika mtandao, kwa hiyo hatukujua lolote.

Alfajiri korongo lilikuwa mchanga uliolowa. Katikati ya njia ambayo tungepita lilikuwa limelala gogo la mgunga, refu kuliko pikipiki mbili. Sisemi kwamba lingetupiga. Huenda lilipita usiku wa manane. Nilimwonyesha kijana, naye hakusema kitu.

Saa nne asubuhi tuliingia kijijini, tukawakuta watu wanarudi kutoka makaburini. Dada alikufa usiku, baada ya isha. Lau tungevuka salama, tungemkuta yu hai. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ndugu wasomaji, mpwa wangu hakusema nami miezi mitano, nami sikumlaumu. Nilijiuliza usiku mwingi kama nilimnyima mtoto radhi ya mwisho ya mama yake. Jawabu sina. Lakini nalijua hili: maji usiyoyafika hujui wingi wake, na kutawakali si kuacha sababu. Mtu hana haki ya kuitia roho ya mwingine katika khatari asiyoweza kuipima, hata kama haja yake ni kubwa na moyo wake ni safi.

Siku moja baada ya miezi hiyo kijana alikuja nyumbani jioni. Akanieleza kwamba alikuwa amembeba mama mmoja mjamzito, mvua ikanyesha, akakuta daraja limefunikwa na maji. Mama yule akamhimiza apite, naye akakataa, akazunguka njia ndefu. Kisha akasema, "Mjomba, leo ufunguo nimeuchomoa mwenyewe." Akaketi, tukanywa chai.

Nyinyi vijana mnaopanda vyombo hivi, ujuzi wenu ni neema, nami nimeuona kwa macho yangu. Na nyinyi wazazi mnaowapigia simu kuwahimiza wafike upesi, kumbukeni kwamba mwenye kuchelewa bado yuko njiani anakuja.

Wabillahi taufiq.