Sura ya 6: Itazame TV Ikiwa Imezimwa

Swali linaloulizwa sana katika maduka ya TV mjini Thika ni hili: "Hii ya 4K inapunguza kuakisi?" Haipunguzi. 4K ni hesabu ya pikseli, 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, na hesabu hiyo haina uhusiano wowote na mwanga wa dirisha unaogonga skrini ukarudi machoni pako. "Smart" ni habari ya intaneti. "QLED" ni namna rangi zinavyotengenezwa nyuma ya kioo. Katika maneno yote makubwa yaliyoandikwa kwenye boksi, hakuna linalokueleza kama Jumamosi jioni utaona mpira au utaona dirisha lako na grili zake.

Sura hii ina mambo matatu: chumba, uso wa skrini, na namna ya kupima dukani. Kabla ya hayo, kuna imani mbili zinazowagharimu watu pesa, nami siwezi kuendelea bila kuziondoa.

Ya kwanza ni ile plastiki ngumu, angavu, inayofungwa mbele ya TV na kuuzwa kwa ahadi kwamba inakinga macho na kupunguza mng'ao. Rimoti iliyorushwa na mtoto itaizuia. Mng'ao itauongeza. Mwanga unapotoka hewani na kuingia kwenye kioo au plastiki ya aina hiyo, takriban asilimia 4 yake hurudi ulikotoka. Plastiki ina nyuso mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo umeongeza takriban asilimia 8 juu ya kile ambacho skrini yenyewe ilikuwa inarudisha. Aliyenunua TV nzuri yenye uso usioakisi sana, kisha akaifunika kwa plastiki hiyo, amelipia kitu na kukifuta siku hiyo hiyo.

Ya pili ni kwamba vitu vinavyong'aa huvuta radi. Mvua ikianza kunguruma, shuka linatupwa juu ya kioo cha kujitazamia na juu ya TV, huku plagi ikibaki ukutani. Radi haijali kinachong'aa. Hupiga vitu virefu, na huingia nyumbani kupitia nyaya za stima na waya wa antena. Chomoa vyote viwili mapema, kabla radi haijakaribia. Shuka halijawahi kuokoa TV, na hofu hii isiwe sababu ya mtu kuchagua skrini fulani na kuacha nyingine.

Sasa chumba. Thika na Ruiru ziko kusini mwa ikweta kwa nyuzi 1 tu. Jua letu hutua karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na adhuhuri huwa juu sana. Kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini au kusini hupata jua kidogo la moja kwa moja. Balaa hutoka mashariki na magharibi, jua likiwa chini na miale yake ikilala hadi ndani ya sebule.

Hapa barabara ya Thika inatupa mfano bora kuliko kitabu chochote cha fizikia. Kati ya Ruiru na Thika barabara hiyo haiendi kaskazini, inaelekea kaskazini-mashariki. Ukiwa unaelekea Thika, ghorofa iliyo kulia kwako, yenye madirisha yanayotazama barabara, inatazama kaskazini-magharibi. Kuanzia Aprili hadi Agosti jua letu hutua upande wa kaskazini wa magharibi, kwa hiyo huingia katika madirisha hayo bila kizuizi. Juni na Julai mawingu ya baridi humsaidia mpangaji. Agosti ligi ya Uingereza hufunguliwa, na mechi zinazoanza saa tisa alasiri kule huanza hapa saa kumi na moja, saa ambayo jua limeshuka na linatafuta dirisha. Ghorofa iliyo kushoto, inayotazama barabara kutoka upande wa pili, inaelekea kusini-mashariki. Hiyo iko salama jioni, lakini Desemba na Januari, watoto wakiwa likizoni mbele ya katuni za asubuhi, jua linalochomoza kusini mwa mashariki huingia moja kwa moja. Majengo mawili yanatazamana, TV zinaweza kuwa za aina moja, na matatizo yao yanapishana kwa miezi na kwa saa. Muulize mwenye nyumba dirisha linatazama wapi kabla hujamuuliza muuzaji bei.

Hata bila jua lenyewe, anga inatosha kuharibu picha. Anga angavu inayoonekana dirishani inaweza kuwa na ung'aavu wa niti 5,000. Asilimia 4 ya hizo ni niti 200. TV nyingi za bei nafuu hutoa kama niti 250 au 300 zinapojitahidi kabisa. Ndiyo maana ukiongeza mwanga wa TV hadi mwisho bado unamwona jirani anaanika nguo.

Dawa yake haihitaji pesa. Mwanga hurudi kwa pembe ile ile uliyoingia nayo. Chukua kioo cha kujitazamia, kishike ukutani pale TV itakapokaa, na mwenzako aketi kwenye kochi akitazama. Kila kitu chenye mwanga atakachokiona ndani ya kioo, atakiona ndani ya TV. Ukuta ulio mkabala na dirisha ndio mbaya kuliko yote. Ukuta wa pembeni, unaokutana na ule wa dirisha, ndio bora. Na kama huna ukuta mwingine, geuza TV kidogo: skrini ikigeuka nyuzi 10, taswira inayoakisiwa huhama nyuzi 20. Wanaotundika TV karibu na dari waiinamishe, lakini wakumbuke kwamba sasa itaakisi sakafu, na vigae vyeupe vinavyong'aa ni dirisha la pili.

Kuhusu uso wa skrini, kuna njia mbili za kupambana na mng'ao, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuuzima. Mwanga ni mawimbi. Kioo kikipakwa tabaka jembamba, mwanga hurudi mara mbili: kutoka juu ya tabaka, na kutoka pale tabaka linapokutana na kioo. Unene ukiwa robo ya urefu wa wimbi, takriban nanomita 100 kwa mwanga wa kijani, mrudio wa pili huchelewa nusu wimbi, na mirudio hiyo miwili huzimana. Katharine Blodgett wa General Electric, Marekani, alitangaza kioo cha namna hii mwaka 1938. Kwa kuwa rangi zote hazizimiki sawasawa, hubaki kivuli cha zambarau au kijani, kama unavyokiona kwenye lenzi za miwani nyingi.

Njia ya pili ni kuutawanya, kwa uso wenye mikwaruzo midogo mno. Dirisha halionekani tena kwa umbo lake, ila mwanga wake umesambaa kote. Skrini yenye weusi wa niti 0.1 na weupe wa niti 300 ina tofauti ya 3,000 kwa 1. Katika sebule yenye mwanga wa laksi 300, uso unaotawanya asilimia 1 tu huongeza karibu niti 1 kila mahali, na tofauti hiyo hushuka chini ya 300 kwa 1. Weusi unakuwa kijivu. Kwa sebule yenye taa na madirisha mengi, uso huu unastahimilika kuliko kioo kitupu. Kwa anayetazama usiku taa zikiwa zimezimwa, hauna faida.

Dukani usidanganywe na video ya maua na samaki. Mwombe muuzaji aizime TV, washa tochi ya simu, na utazame inavyorudi. Nukta nyeupe, kali: kioo kitupu. Nukta hafifu ya zambarau au kijani: kuna tabaka. Ukungu mpana: uso unaotawanya. Ukikatazwa kuizima, nenda duka la pili. Pesa ni zako, na TV utakaa nayo miaka.