Virusi havionekani, kwa nini mtoto aendelee kumeza dawa?

Mtoto anayemeza ARV tangu utotoni, siku moja atauliza: “Mama, daktari amesema virusi havionekani. Sasa kwa nini bado nameza dawa?” Swali ni zuri, na mzazi anapaswa kuwa na jibu.

Havionekani kwenye damu, lakini havijaisha. VVU vinapoingia mwilini, baadhi hujificha ndani ya seli za kinga zenyewe na kulala humo kwa miaka mingi. ARV huzuia virusi kuzaliana, haziviui vilivyolala. Kinga ya mwili nayo hupita bila kuvitambua, kwa sababu seli iliyovibeba haionyeshi dalili yoyote kwa nje.

Tazama kilichotokea Mississippi, Marekani. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2010 alianzishiwa dawa akiwa na umri wa saa 30 tu. Alipofikisha miezi 18 akaacha dawa. Kwa miezi 27 virusi havikuonekana, na wengi wakaamini amepona. Julai 2014 ikatangazwa kuwa virusi vimerudi.

Ndiyo maana wanasayansi sasa wanatafuta namna ya kuisaidia kinga ya mwili. Njia mojawapo ni kuviamsha virusi kwa dawa ili kinga ivione na kuviua, ila mpaka sasa haijamponya mtu. Nyingine ni kutumia kingamwili zinazotengenezwa maabara, zenye uwezo wa kunasa aina nyingi za VVU.

Kingamwili hizo zilijaribiwa nchini Botswana, katika utafiti uitwao Tatelo, kwa watoto walioanza ARV wakiwa wachanga. Watoto 25 walisimamishiwa ARV, wakapewa kingamwili mbili kwa dripu kila baada ya wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kuwa 11 kati yao walikaa wiki 24 virusi vikiwa chini. Waliobaki virusi vilipanda, wakarudishwa kwenye ARV.

Ni hatua kubwa, lakini bado si uponyaji. Watoto wale walipimwa mara kwa mara na madaktari. Nyumbani hatuna uangalizi huo.

Kwa hiyo mwanao akiuliza, mjibu kwa lugha yake: “Virusi vyako vimelala, mwanangu, havijafa. Kimoja kikiamka, dawa uliyomeza jana inakikuta mlangoni.” Kisha mpe maji, ameze.