Mwenye Dirisha na Mwenye Barabara: Ushirikiano wa Jamii katika Kuzuia Majeraha ya Watoto

Ripoti iliyotolewa mwaka 2008 na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF ilikadiria kwamba watoto zaidi ya 2,000 hufariki kila siku duniani kwa majeraha yasiyokusudiwa, yaani yale ambayo hakuna aliyedhamiria kuyasababisha, kama vile kugongwa na gari, kuzama majini, kuungua na kuanguka. Kwa muda mrefu vifo vya namna hiyo vilihesabiwa kuwa kudra ya Mungu au uzembe wa mzazi, na kwa hiyo jawabu lake likawa ama subira ama karipio. Miongoni mwa waliougeuza mtazamo huo ni daktari wa Kimarekani William Haddon, aliyeeleza kuwa jeraha hutokea pale nishati, iwe ya mwendo, ya joto au ya umeme, inapoufikia mwili kwa kiasi ambacho mwili hauwezi kukihimili, na kwamba mfuatano huo unaweza kukatizwa kabla ya tukio, wakati wa tukio au baada yake. Kutokana na fikra hiyo wataalamu hutofautisha kinga tendaji, ambayo humtaka mtu akumbuke kufanya jambo fulani kila mara, na kinga tulivu, ambayo huendelea kufanya kazi hata pale kila mtu amesahau. Onyo la mwalimu ni la aina ya kwanza na tuta la barabarani ni la aina ya pili; mtoto wa miaka sita, ambaye bado hawezi kukisia vizuri mwendo wa gari linalokuja, hufaidika zaidi na tuta.

Ugumu ni kwamba kinga tulivu mara nyingi iko mikononi mwa mtu asiyemwona majeruhi. Hospitali humpokea mtoto lakini haina mamlaka juu ya barabara, na mzazi hulijua dirisha la hatari lakini nyumba ni ya mwingine. Ushirikiano wa jamii, ambao katika hotuba nyingi hutajwa kama pambo, una sababu yake hapa: hatari moja ina wenyewe wengi, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kuiondoa peke yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa jiji la New York, ambako watoto wadogo, hasa wa familia maskini zilizopanga katika majengo marefu, walikuwa wakianguka kutoka madirishani wakati wa joto. Mwaka 1972 idara ya afya ya jiji ilianzisha katika eneo la Bronx mradi ulioitwa Children Can't Fly, ambamo hospitali na polisi walitoa taarifa za kila anguko, wauguzi wakazitembelea familia husika, vyombo vya habari vikatangaza, na vizuizi vya chuma vya madirisha vikagawiwa bure. (Msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea nondo za madirishani kwa ajili ya mwizi, huenda akashangaa kwamba huko zilihitaji kampeni.) Katika miaka michache maanguko yalipungua kwa takriban nusu katika Bronx, na mwaka 1976 kanuni za afya za jiji zikamlazimisha mwenye jengo kuweka vizuizi katika kila nyumba anamoishi mtoto wa miaka 10 au chini yake. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa iliuhamisha wajibu kutoka kwa mpangaji, ambaye hakuwa na uwezo, hadi kwa mwenye mali.

Katika mtaa wa Harlem wa jiji hilohilo, daktari wa upasuaji wa watoto Barbara Barlow aliongoza kuanzia mwaka 1988 mpango uliounganisha hospitali, shule, idara ya bustani na vikundi vya wakazi ili kukarabati viwanja vya michezo na kuwapa watoto shughuli salama baada ya masomo. Majeraha yalipungua, ingawa watafiti walikiri kwamba yale makali yalipungua pia katika eneo jirani la Washington Heights, na hivyo sifa yote haiwezi kupewa mpango; kilichoutetea ni kwamba katika Harlem upungufu ulijitokeza hasa katika umri na visababishi vilivyolengwa.

Dar es Salaam imetoa ushahidi wa namna hiyo kwa upande wa barabara. Shirika la Amend, kupitia mpango unaojulikana kwa kifupi kama SARSAI, huchagua shule zenye hatari kubwa, na kwa kuwa majeraha mengi hayafiki katika daftari la polisi, takwimu zake za msingi zilitafutwa kwa kuhoji kaya zilizo jirani na shule. Kisha, kwa mashauriano na walimu, viongozi wa mitaa na mamlaka za barabara, hujengwa matuta, njia za waenda kwa miguu na vivuko, na pengine lango la shule huhamishwa lisifungukie barabara kuu. Tathmini iliyolinganisha shule zilizoboreshwa na zile ambazo hazijafikiwa ilionyesha kuwa majeraha ya barabarani yalipungua kwa takriban asilimia 26, na mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya WRI Ross ya miji.

Bangladesh ilikabili hatari tofauti, yaani madimbwi yaliyo karibu na nyumba, kwa kuwakusanya watoto wadogo chini ya mlezi wa kijijini asubuhi hadi mchana, saa ambazo mama huwa ametingwa na kazi. Vifo vya kuzama vilipungua sana miongoni mwa watoto waliohudhuria.

Udhaifu wa ushirikiano huonekana wafadhili wakishaondoka. Mlezi huhitaji posho kila mwezi, na rangi ya kivuko huchakaa kwa magurudumu na mvua. Kamati ya shule inaweza kuwa ya kwanza kugundua kuwa kivuko kimefutika, lakini haina idhini ya kuingia barabarani na brashi wala fungu la kununulia rangi, na ndiyo maana makubaliano yanayodumu ni yale yanayotaja kwa maandishi ofisi itakayokipaka upya na bajeti itakayotumika.