Utafiti wa Tiba: Nani Anagharimia Masomo, na Mlango Uko Wapi?



Ndugu wasomaji, wazazi na walezi wa wanafunzi wetu hapa Tanga, katika kikao cha wazazi cha kufunga mwaka mzazi mmoja alisimama akauliza swali ambalo siku ile hatukulijibu vizuri. Binti yake amemaliza kidato cha nne, amefaulu Baiolojia na Kemia, na nyumbani wote wanamwita daktari. "Je," aliuliza, "nafasi ya udaktari ikimkosa, hiyo sayansi itakuwa imepotea bure?" Mmoja akataja duka la dawa, mwingine akataja ualimu, kisha mazungumzo yakahamia kwenye ada na swali likabaki pale pale. Tumeona tulijibu hapa kwa nafasi.

Ipo kazi ambayo hakuna aliyeitaja siku ile, nayo ni utafiti wa tiba. Kwa maneno mepesi, ni kuichukua dawa, chanjo au njia ya matibabu iliyoonekana njema maabara, au hata iliyozoeleka hospitalini, na kuipima kwa wagonjwa wenyewe kwa ridhaa yao, hatua kwa hatua, mpaka ijulikane kama inaponya, inadhuru au haina lolote. Kisha kuna kazi ya pili, ya kukifikisha kile kilichothibitika mpaka zahanati ya kijijini, mahali ambapo jokofu halina umeme na muuguzi yuko peke yake. Dawa nyingi nzuri hukwama katikati ya njia hiyo, kwa kukosa watu wa kuzivusha.

Wanafunzi wetu wasidhani jambo hili ni la kigeni. Abu Bakr ar-Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad aliyeishi mpaka mwanzoni mwa karne ya 10, ameeleza katika kitabu chake cha al-Hawi namna alivyowatibu wagonjwa wenye dalili za ugonjwa wa utando wa ubongo. Kundi moja aliwatoa damu, na kundi la pili akaliacha kwa makusudi bila kuwatoa, ili tofauti ionekane. Tiba yenyewe leo haitumiki hospitalini kwa ugonjwa ule. Lakini njia ya kulinganisha makundi mawili ndiyo msingi wa utafiti wa leo, isipokuwa sasa mgonjwa huingia kundi hili au lile kwa kura, ili tabibu asije akawapeleka wale wenye nafuu upande anaoupenda.

Tuchukue mfano wa jirani kabisa, wa Muheza. Kati ya mwaka 2009 na 2011 Hospitali Teule ya Muheza ilishiriki utafiti mmoja mkubwa pamoja na hospitali ya Kilifi nchini Kenya na hospitali nne za Uganda. Watoto waliohusika walikuwa na homa kali, na damu yao ilikuwa haizunguki vizuri mwilini. Vitabu vya nchi tajiri vilifundisha kwamba mtoto wa namna hiyo atundikiwe dripu nyingi ya haraka katika saa ya kwanza. Hospitali zetu nyingi zilikuwa hazifanyi hivyo, na madaktari wakilaumika kwa kutofanya. Basi watoto zaidi ya 3,000 wakapangwa kwa kura, wengine wakapewa dripu ya haraka na wengine wakapewa maji ya kawaida tu, na wote wakapata dawa nyingine walizohitaji.

Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika saa 48 za mwanzo, kwa kila watoto 100 waliopewa dripu ya haraka walikuwa wamefariki kati ya 10 na 11, na katika wale wasiopewa walifariki 7. Tiba iliyoaminiwa kuwa inaokoa ilikuwa inaongeza vifo. Na waliokuwa wakiitoa hawakuwa watu wabaya, walikuwa madaktari wenye huruma wanaofuata kitabu. (Tahadhari kwa wazazi: utafiti ule haukuhusu mtoto anayeharisha mpaka akaishiwa maji mwilini. Huyo maji ndiyo dawa yake, asicheleweshwe.)

Mfano mwingine wauona katika chanjo ya malaria. Chanjo ya kwanza, RTS,S, ilijaribiwa katika awamu yake ya mwisho kwa watoto 15,459 wa nchi saba za Afrika, na vituo viwili vya Tanzania vilikuwa Korogwe, mkoani kwetu, na Bagamoyo. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike Oktoba 2021. Chanjo ya pili, R21, nayo ilipita Bagamoyo katika Taasisi ya Afya Ifakara, ambako kazi iliongozwa na Dk. Ally Olotu, na ikapendekezwa Oktoba 2023. Dk. Olotu huyo huyo ndiye aliyetangulia katika orodha ya walioandika ripoti ya mwaka 2016 juu ya watoto wa Kilifi waliofuatiliwa kwa miaka saba baada ya chanjo ya RTS,S. Ripoti ile ilionyesha kuwa kinga hupungua kadiri miaka inavyopita. Habari hiyo haikuwa ya kufurahisha, na waliandika vile vile.

Sasa turudi kwa yule binti. Katika utafiti kama huo madaktari ni wachache. Yuko muuguzi anayempima mtoto, fundi sanifu wa maabara anayesoma damu kwa hadubini, mfamasia anayetunza dawa na hesabu yake, mtakwimu anayepanga kura na kuchambua matokeo, mtunza kumbukumbu, na wale wanaokwenda nyumba kwa nyumba kuwafuatilia watoto. Mwanafunzi anayependa Hisabati na kuogopa damu ana nafasi yake hapo, tena watakwimu ni adimu kuliko madaktari.

Yuko pia anayeandika na kuisomesha fomu ya ridhaa. Hapa tunaomba wasomaji wasimame kidogo. Sisi wa pwani tumekua tukitishwa kwa habari za mumiani, na mtu akija nyumbani na sindano akasema anataka damu ya mtoto kwa ajili ya utafiti, hofu ile huamka. Fomu ikiandikwa kwa Kiswahili cha kutafsiriwa neno kwa neno na mtu asiyewajua watu wenyewe, mama ataweka sahihi bila kuelewa au atafunga mlango. Kumweleza bibi wa Pangani kwamba mjukuu wake atapangwa kwa kura, kwamba anaweza kukataa na bado atatibiwa, na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote, hiyo ni kazi ya ujuzi na ya amana. Tanzania Bara utafiti wa afya hupitiwa na kupewa kibali cha maadili chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na majaribio ya dawa hupata pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mzazi ana haki ya kuuliza kibali kiko wapi.

Nani basi anagharimia? Mfuko mmoja mkubwa ni Wellcome wa London. Henry Wellcome alikuwa mfanyabiashara wa dawa, na alipofariki mwaka 1936 wasia wake uliiacha kampuni yake mikononi mwa wadhamini ili faida itumike kwa utafiti wa afya. Kwa mwanafunzi wa madrasa hili halihitaji maelezo marefu. Hatusemi ni wakfu wa kisheria, lakini umbo lake tunalijua, kwani hospitali ya Mansuri ya Cairo ilisimama kwa wakfu, na tabibu Ibn an-Nafis aliiachia nyumba yake na vitabu vyake. Fedha za Wellcome ndizo zilizosaidia kituo cha Kilifi tangu mwaka 1989.

Mfuko wa pili ni ushirikiano wa nchi za Ulaya na Afrika ulioanza mwaka 2003 kwa jina la EDCTP. Tangu 2021 umeendelea kwa sura mpya, Global Health EDCTP3, na ofisi yake iko Brussels. Huu hutoa ruzuku za majaribio ya dawa na chanjo, na pia nafasi za kuwakuza watafiti wa Kiafrika. Upo mpango wa TDR ulio chini ya Shirika la Afya Duniani tangu 1975. Nyumbani ipo COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, yenye mfuko wa taifa wa utafiti. Marekani nayo imesomesha Waafrika wengi kupitia kituo cha Fogarty kilichoanzishwa mwaka 1968, lakini hapa tuseme kweli: mwaka 2025 nchi hiyo ililifunga shirika lake la misaada la USAID, na tafiti kadhaa barani Afrika zikakatika katikati. Kijana asiweke matumaini yake yote kwenye mfuko mmoja wa nchi moja.

Na sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Vijana wetu wakimaliza chuo hukaa wakisubiri tangazo la ufadhili wa masomo ya juu, kama mtu anayesubiri basi kwenye kituo ambacho basi halipiti. Katika fani hii sehemu kubwa ya fedha za mafunzo imo ndani ya utafiti wenyewe. Taasisi inapoomba ruzuku ya kujaribu dawa, mara nyingi huweka katika bajeti mafunzo ya vijana, mmoja au wawili kwa shahada ya uzamili, pengine mmoja kwa uzamivu. Nafasi hizo humwendea nani? Mara nyingi ni yule msaidizi wa utafiti aliyekwisha kuwa pale miaka miwili, ambaye fomu zake hazina makosa na ambaye kiongozi wake yuko tayari kumwandikia barua. Kwa hiyo kazi ndogo ya mshahara mdogo Korogwe au Bagamoyo, ambayo mhitimu anaidharau, huenda ndiyo mlango wenyewe.

Kilifi wamelipanga jambo hili vizuri. Wamekuwa wakiwachukua wahitimu wa shahada ya kwanza kwa mafunzo ya kazi huku wakisoma stashahada ya uzamili ya mbinu za utafiti pamoja na Chuo Kikuu cha Pwani, na kutoka hapo wengine wakaendelea na uzamili na uzamivu. Wamewahi hata kuwachukua vijana wa pale waliotoka tu kidato cha nne kwa miezi michache, wakiwaweka maabara na kwenye takwimu ili waone kazi kwa macho yao. Tungependa sana kuona vituo vya mkoa wetu vikifanya hivyo, na hakuna ubaya wazazi wakaenda kuomba.

Kizuizi kikubwa basi ni shahada ya kwanza, kwani ruzuku za utafiti hazimfikii mtu kabla ya hapo. Serikali inayo Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa wanaofaulu zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Ipo Bodi ya Mikopo. Tunajua familia nyingi zetu ziliukwepa mkopo huo kwa ajili ya ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na tunawafahamisha kwamba tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Masharti mengine yasomwe kwa makini, na hukumu yake waulizwe masheikh, kwani sisi hapa tunatoa habari tu. Tena Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah imekuwa na mpango tangu mwaka 1983 kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama, na Tanzania si mwanachama. Kwa mwanafunzi fedha zile zimekuwa mkopo usio na riba, na anachorudisha hubaki katika jamii kumsomesha mwingine.

Wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, msiiache Fizikia kwa sababu ni ngumu, mtakuja kuitafuta mnapochagua tahasusi. Na Kiingereza mkikazanie, kwa kuwa maombi ya fedha za utafiti tuliyoyataja mara nyingi huandikwa kwa lugha hiyo, na tumeona kijana mwenye akili nzuri akishindwa kueleza kwa ukurasa mmoja anachotaka kukichunguza. Waliofika chuo wanaweza kuanza leo kwa mafunzo ya bure ya taratibu za majaribio ya tiba yanayotolewa kwenye intaneti na The Global Health Network, ambayo humpa mtu cheti. Cheti hicho ni kidogo, lakini katika nafasi nyingi za kazi hizi huulizwa mwanzo.

Jambo la mwisho linatuuma. Kijana mmoja aliyesoma hapa alipigiwa simu na mtu aliyejiita wakala, akaambiwa amepata ufadhili wa masomo ya utabibu ng'ambo na atume fedha ya "kufungua faili". Mama yake aliuza cherehani. Faili halikufunguka, na simu haikupokelewa tena. Mifuko ya utafiti tuliyoitaja haimtozi mwombaji ada ya kuomba, na haitumi wakala nyumbani kwa mtu. Wakala anayedai fedha kwanza mwacheni.

Mwenye tangazo la nafasi na hakulielewa, au anayetaka kusaidiwa kuandika barua ya maombi, alete ofisini Jumamosi baada ya Alasiri. Yule mzazi aliyeuliza tunamwomba aje na binti yake, Korogwe si mbali, na tungependa kumpeleka.