Majengo: Ukiwa wa kusema kwanza, pandisha dau kwa karata gani?

Tangu benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, noti mkononi zimekuwa adimu. Anayeketi kucheza poka katani Majengo, tarafa ya Karisimbi, hana franga za kutupa.

Hasara nyingi huanzia kwenye kiti. Aliyeweka dau la lazima, karata tatu zikifunuliwa mezani, husema kwanza. Mwenzake husikiliza, kisha huamua. Basi mtu akipandisha hadi franga 1,000, anayesema baada yake humjibu kwa 3,000. Wa kusema kwanza aweke karibu 4,000, au atupe karata.

Kwa karata gani? Asi mbili, wafalme wawili, asi na mfalme: hapo hakuna ubishi. Asi na tisa za alama tofauti ndizo humaliza mifuko, kwani asi ikitokea mezani, mwenye asi na mfalme anakungoja. Afadhali asi na tano za alama moja. Zinaonekana dhaifu, ila ukishika asi moja, njia za mpinzani kupata asi mbili hushuka kutoka 6 hadi 3, na akikulipia, bado unaweza kukamilisha karata tano za alama moja.

Mfalme na nane? Tupa, hata kama umechoka kungoja.