Je, Wajua? Tabora na London, Miaka Ileile

Je, wajua kwamba tarehe 11 Agosti 1968 shirika la reli la Uingereza liliendesha treni yake ya mwisho ya mvuke kwenye njia kuu? Tiketi ziliuzwa ginii 15, yaani pauni 15 na shilingi 15, na watu walijaa kando ya reli kuiaga. Tabora siku hiyo hakuna aliyeaga kitu. Mvuke ulikuwa kazini kama kawaida, na uliendelea mpaka miaka ya 1970.

Na injini zenyewe zilitoka kwao! Zile za klasi 31 za Reli ya Afrika Mashariki, zilizopewa majina ya makabila yetu, ziliundwa na kiwanda cha Vulcan Foundry huko Newton-le-Willows mwaka 1955 na 1956. Shirika la reli la wenzetu liliunda injini yake ya mwisho ya mvuke, Evening Star, mwaka 1960, likaistaafisha mwaka 1965. Miaka mitano tu! Ukiniuliza mimi, huo ni ufujaji.

Je, wajua kwamba daraja la tatu lilifutwa kwenye treni za Uingereza mwaka 1956? Si kwamba mabenchi yalibadilika; kilichobadilika ni jina, likawa daraja la pili. Huku Reli ya Kati abiria waliendelea na madaraja yao matatu, na wa la tatu walijua wazi wako la tatu.

Sasa pesa. Hapa Tabora iliitangulia London. Mwaka 1966 Tanzania ilitoa sarafu zake: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi yenye mwenge; upande wa pili, sura ya Mwalimu Nyerere. Ile senti 5 ya zamani ya Afrika Mashariki, yenye tundu katikati, uliweza kuitunga kwenye uzi; hii mpya haikutungika. Lakini hesabu ilibaki rahisi: shilingi moja, senti mia. Mama aliyenunua vitu vitatu vya shilingi moja na senti 75 alijua mara moja anadaiwa shilingi tano na robo. Mwenzake wa London alihesabu peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni, kichwa kikimuuma, mpaka Februari 1971 walipokubali nao kuhesabu kwa mia.

Pauni yenyewe iliyumba. Novemba 1967 serikali ya Uingereza iliishusha thamani, kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Tanzania haikufuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa kama shilingi 17 na senti 14.

Je, wajua kwamba wakati huo hata ubalozi ulikuwa umefungwa? Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia ya Ian Smith. Ulirudishwa Julai 1968. Biashara, hata hivyo, haikukatika.

Mwaka huohuo wa 1968 Waingereza walisogeza saa mbele, wakakataa kuirudisha majira ya baridi. Basi mwaka mzima, ikiwa saa sita mchana Tabora, London ilikuwa saa nne asubuhi. Kaskazini mwa Uskoti watoto walikwenda shule gizani. Malalamiko yakazidi, na Oktoba 1971 jaribio likakoma.

Lakini turudi kwenye reli: haikupita Choma, ambayo leo iko Wilaya ya Igunga na zamani ilikuwa chini ya Nzega. Aliyetaka treni alianza na lori, au baiskeli. Baiskeli za Raleigh zilitoka Nottingham, ambako vijana walikuwa wanaziacha kwa ajili ya magari. Unyamwezini zilikuwa ndiyo kwanza zimepata kazi ya kweli: debe la asali kwenye keria, limekazwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, na mwenyewe anasukuma kwa miguu mchanga unapozidi.

Na kabla ya hayo yote? Mwaka 1871 msafara wa msafiri Stanley ulitumia takriban miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Kwihara, jirani na Tabora. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na safari ya kutoka pwani ikafupika sana.

Na barabarani? Dereva wa Tabora, kama wa London, alishika kushoto. Akivuka kuingia Burundi, alihamia kulia. Waswidi wao walihamia kulia nchi nzima kwa siku moja, tarehe 3 Septemba 1967.

Barbara Castle, waziri wa uchukuzi wa Uingereza toka 1965 hadi 1968, hakuwa na leseni ya udereva. Hilo halikumzuia kuwabana wenye leseni: Oktoba 1967 polisi walianza kuwapima pumzi madereva waliokunywa. Mwezi huohuo Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Kilomita zaidi ya 200, na hakuhitaji leseni.