Seli T, Limfoma ya Burkitt na Ruzuku za Watafiti Chipukizi

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya watoto ambayo uvimbe wake, mara nyingi wa taya, huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona virusi ndani ya seli zake. Saratani hiyo hutokea zaidi penye malaria nyingi, kandokando ya Ziwa Victoria na pwani ya Kenya, ambako mtoto wa Likoni, Kisauni au Changamwe anayeshukiwa kuwa nayo huvushwa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, katika kisiwa cha Mombasa.

Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wamebeba virusi hivyo, vya Epstein-Barr, bila kuugua, kwa kuwa seli T, ambazo ni seli za kinga ya mwili, huvidhibiti. Seli T hufanya kazi kama afisa wa forodha wa bandari ya Kilindini ambaye hana ruhusa ya kufungua makasha, yaani seli nyingine za mwili. Kila kasha lina kisu ndani kinachokata sampuli ya shehena na kuitundika mlangoni. Afisa hupita akizikagua moja moja; akikuta ya magendo, huangamiza kasha zima. Seli ya Burkitt huficha karibu shehena yote ya virusi na kubakiza protini moja, EBNA1. Protini hiyo ina kipande kirefu cha glaisini na alanini zinazojirudia, na kipande hicho hukwamisha kisu, kama ilivyobainika mwaka 1995. Sampuli haitundikwi, afisa hupita, na kasha la magendo huingia mjini.

Hata hivyo, kundi jingine la seli T, seli saidizi, huitambua EBNA1. Utafiti wa mwaka 2009 magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba watoto wenye limfoma hiyo walipungukiwa na mwitikio huo, ilhali wenzao wenye afya walikuwa nao. Kuurejesha kunaweza kuwa njia ya tiba.

Uchunguzi wa mwitikio wa seli T hauwezekani kwa seli zilizokufa. Damu hutenganishwa ndani ya saa chache, seli hugandishwa katika naitrojeni oevu, kisha huamshwa na kupimwa zikiwa hai, na mtoto hufuatiliwa kwa miaka. Anayeifanya kazi hiyo aghalabu ndio kwanza amemaliza uzamivu: hana maabara yake, na mshahara wake umo katika ruzuku ya mwingine. Ruzuku ya mwaka mmoja hununua vitendanishi na kwisha kabla ya jibu.

Nchini Kenya, sheria ya sayansi ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuutengea asilimia 2 ya pato la taifa, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa. Huko Kilifi, pwani, mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome, ulioanza 1989, hulea wanasayansi kuanzia shahada ya uzamili hadi baada ya uzamivu. Kituo cha Fogarty cha Marekani kimekuwa kikitoa ruzuku ya miaka 3 hadi 5 kwa wahadhiri chipukizi wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kwa sharti kwamba angalau robo tatu ya muda wao iende kwenye utafiti na maendeleo ya kitaaluma. Cancer Research Institute ya New York, iliyoanzishwa 1953, hufadhili wataalamu wa kinga ya saratani waliomaliza uzamivu.

Katika fani hii, ruzuku hupimwa kwa muda wake kabla ya kiasi chake: ilipe mshahara na naitrojeni mfululizo, mpaka mtoto aliyetolewa damu ya kwanza atolewe ya mwisho.